Kichaka cha Empakaai

Karatu,
9 Juni 2024

Kwa dada yangu Bernadina,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Mang'ola, na kwamba vitunguu vimepata maji mwaka huu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ninayotaka kukueleza nimeshindwa kuyasema kwenye simu.

Unamkumbuka Senteu, yule mwongoza wageni wa Piyaya niliyekuwa nikimsema vibaya kila nikija kwako. Mwaka huu tuligombea cheo kimoja cha kiongozi mkuu wa waongoza wageni. Yeye aliwaambia wenzetu kuwa mimi, mtu wa Endabash, najua mahindi, sijui msitu. Mimi nilisema anajua kupigwa picha, hajui kazi.

Mwezi uliopita mgeni wetu mmoja, mama mzee mpenda ndege, alipotea kwenye ukungu kule kreta ya Empakaai. Bosi akatutuma sisi wawili, kwa kuwa ndio tunaoujua vizuri ule mteremko. Siku ya kwanza tulitembea bila kusemeshana. Siku ya pili niliteleza korongoni. Senteu akanivuta kwa shuka lake, kisha akakaa akanitoa miiba mkononi, mmoja mmoja, wala hakunicheka. Jioni, tukigawana chai ya chupa moja, aliniuliza kama baba angempokea Mmasai akija kuposa. Nilimjibu aje kwanza, majibu atayapata huko huko. Tulicheka, dada. Sikuwahi kujua kuwa anacheka vizuri hivyo.

Asubuhi ya tatu tukasikia filimbi ya yule mama kutoka bondeni. Senteu alitaka tuzunguke kwa juu, penye uwazi. Mimi nikataka tukate kichakani, kwa sababu ni karibu na mgeni angeweza kufa tukichelewa. Akanitazama, akasema, "Haya, Sabina. Leo wewe ndiye kiongozi."

Nyati alitokea ubavuni. Senteu alinisukuma nyuma ya mti, akakimbia upande wa pili akipiga kelele ili amfuate yeye. Akamfuata, akampiga pembe. Mgeni nilimkuta hai, mguu umevunjika. Senteu alikata roho kabla askari wa hifadhi hawajafika, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Sasa wamenipa kile cheo, na watu wa Karatu wananipa mkono wa pole na wa pongezi kwa pamoja. Ila kuna jambo sijamwambia mtu. Pale kichakani nilikuwa nimetangulia hatua chache. Niliona kinyesi cha nyati, kibichi, bado kinatoa mvuke. Nilijua maana yake. Nikakifunika majani kwa mguu nikaendelea, maana ningesema, tungerudi kwenye njia yake, naye angekuwa sahihi. Nilikuwa nimeshampenda, dada, na bado sikutaka anishinde.

Cheo nimekikataa leo. Jumamosi nakwenda Piyaya kwa mama yake, Sintamei. Amenitumia salamu akiniita mkwe, maana nilimpelekea habari ya lile swali la posa, naye anaamini tulishtukizwa tu. Nakuomba twende wote. Usinitetee. Kaa tu karibu yangu nitakapomwambia.

Nisalimie shemeji, na uwabusu watoto. Baba usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikirudi.

Mdogo wako anayekuhitaji,
Sabina