Kipande cha Kushoto

Toshkent, 2 Machi 1986

Bibi yangu Hosiyat,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na macho, bado yanatoa machozi ukikaa karibu na tanuri? Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia, maana harusi ndiyo hiyo inabisha hodi.

Suzani, ile nguo yetu ya ukutani ya kutarizi, imefika. Niliifungua mbele ya mama mkwe na wifi yangu Lobar, na niseme tu, niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Vipande vitatu vya kulia ni vizuri. Lakini kile cha kushoto! Makomamanga yamepinda, mashina yanayumba kama walevi. Lobar akauliza, "Hiki kashona nani, mbuzi?" Wakacheka. Nami najua ni changu, nilichoshona nikiwa na miaka tisa, ulipotugawia kila mmoja kipande chake, Mama, shangazi na mimi, ukawa unanichapa kidole kila nikivuta uzi kwa nguvu.

Nipe ruhusa nikifumue. Kuna mama hapa mtaani atakishona upya. Nguo itatundikwa ukutani siku ya harusi, na watu wote wataitazama.

Mjukuu wako,
Oyniso

Nurota, 13 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, haujaniacha wala sijauacha, ndiyo maana harusini siji. Nisamehe mwandiko, siku hizi hata mistari ya karatasi inanikimbia.

Mwambie Lobar mbuzi anamsalimu. Mbuzi mwenyewe ni mimi.

Kipande chako ni cha pili kutoka kulia. Ulikuwa na mkono mzuri, sikukwambia usije ukavimba kichwa. Cha kushoto kilikuwa cha mama yako, akafariki hajakigusa. Nikasema Oyniso hataolewa na nguo yenye pengo, nikakishona mwenyewe baridi hii, kwa kupapasa. Nilijua kimepinda. Nilitumaini hamtaangalia sana.

Nakionea aibu, lakini usikifumue.

Bibi yako

Toshkent, 21 Machi

Bibi,

Shikamoo. Sijui nikuulize afya yako kwa uso gani.

Sikungoja jibu. Barua yako imenikuta nimeshakifumua chote. Lobar alinisaidia, tukicheka. Nyuzi zako ziko kwenye mfuko. Yule mama nimemkataza asikiguse. Natamani ardhi ipasuke inimeze. Niambie nifanyeje.

Mjukuu wako,
Oyniso

Nurota, 30 Machi

Oyniso,

Sijambo.

Kushona nilikufundisha mimi. Kufumua umefundishwa na nani?

Itundike hivyo hivyo. Wakikuuliza, ulimi unao.

Bibi yako

Toshkent, 14 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Afya yako nitaiuliza kwa mdomo, nikifika.

Harusini waliuliza. Kipande cheupe kitupu kando ya maua yote yale, nani asiulize? Na huo ulimi nilionao ukasema, "Desturi ya Nurota." Unajua kila nyumba huacha jani moja bila kushonwa ili furaha isiishie hapo. Nikawaambia kwetu tunaacha kipande kizima. Mzee mmoja akadakia, "Basi hawa wanataka watoto kumi na wawili!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mkwe, akiamini kuwa ndiyo maana nilikifumua, akanibusu. Lobar, aliyejua ukweli, akainamisha kichwa. Hata Lobar, Bibi! Mimi nilikuwa nacheka.

Tangu siku hiyo kila mgeni akija anaonyeshwa ukuta na kusimuliwa desturi yetu, nami natakiwa niitikie. Jana nikashindwa, nikamweleza mama mkwe kila kitu mbele ya mume wangu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alipanda kwenye kiti, akaitungua nguo, akaikunja taratibu, akanipa. "Irudishe kwa mwenyewe," akasema.

Nakuja Ijumaa, na nguo na nyuzi zako. Usiponifungulia nitakaa mlangoni, majirani waone. Ukinifungulia, mimi nitakutungia sindano tu. Kipande ukishone wewe, na kipinde kitakavyo.

Mjukuu wako, kama bado unaniita hivyo,
Oyniso