Saini ya Ndugu wa Mgonjwa

Guangzhou,
Jumapili asubuhi, mwezi wa tatu.

Mke wangu Mwanaidi, Mama Zuhura,

Nakuomba radhi kabla ya kukusalimu. Kwa miaka arobaini niliwafundisha watoto wa watu kwamba katika barua salamu hutangulia na mengine hufuata, lakini mtu aliyenyamaza miezi mitano hana haki ya kuanza kwa salamu kana kwamba aliondoka jana. Barua zako tatu zilinifikia. Sikuzijibu. Sababu ipo, na nitaieleza yote humu, maana ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika.

Sasa nakusalimu. Hujambo? Goti lako linaendeleaje? Zuhura amekwisha kujifungua, au bado anahesabu siku? Na ule ukuta wa uani, ulioniandikia kwamba unainama, umepata fundi? Mimi ni mzima wa mwili. Ninasali, ninakula vizuri, na chumba changu cha ghorofa ya sita, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, hakivuji. Ila huu ni msimu ambao kuta za mji huu hutoka jasho. Maji hutiririka kwenye vigae bila mvua kunyesha, nguo haikauki juma zima, na ukungu hupanda kutoka mtoni ukakaa barabarani kama mgeni asiyejua kuaga. Kuna miti mikubwa, jamaa ya msufi wetu, iliyochanua maua mekundu bila jani hata moja. Ua likianguka huanguka zima, kwa kishindo, na bibi wa hapa huliokota akalianika ili alichemshe supu.

Ni huo ukungu ulionisaidia kujidanganya. Tangu kabla ya mwaka kwisha nimekuwa nikiuona mji umelainika. Taa za magari zina pete, kama mwezi unaotaka mvua. Watu hunijia kutoka katika weupe: kwanza sauti, kisha viatu, mwisho uso. Nilijiambia kwamba ni hali ya hewa. Na nikiri jambo ambalo halinipendezi kulikiri: niliufurahia weupe ule. Siku moja, mtaa wa Shisanhang, katika umati wa wanunuzi wa nguo, nilikuona wewe. Ulikuwa umejitanda kanga ya rangi ya machungwa, umeshika kiuno, kama unavyosimama unapomsubiri muuza samaki apunguze bei. Nikakuendea. Nilipokaribia, alikuwa mchukuzi, mwanamume, amebeba furushi la rangi hiyo begani, naye akanipigia kelele nimpishe. Nilicheka peke yangu. Kesho yake nilipita tena pale pale, saa ile ile, kwa makusudi.

Kazi yangu unaijua: kukagua kanga kabla hazijafungwa marobota, kusoma maneno yake herufi kwa herufi, na kulinganisha rangi na sampuli. Mwezi uliopita nilipitisha mzigo mzima wa kanga za ardhi nyeupe, yaani rangi ya chini ya michoro. Mwenye mzigo ni Bi. Mwajuma, mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye amekuwa akija huku miaka minane. Alifika kiwandani, akafungua robota moja, akaipeleka kanga ya juu mlangoni penye mwanga.

"Mwalimu," akasema, "hizi nyeupe?"

"Nyeupe."

"Nyeupe ya wapi? Hii samli, Mwalimu! Bibi harusi gani atavaa samli?"

Nikabisha. Nilibisha mbele ya wafanyakazi wote, mpaka mwenye kiwanda, mama mmoja mpole, akaweka kipande cha sampuli juu ya kanga ile. Nikavitazama vyote viwili. Machoni pangu vilikuwa sawasawa. Nilipoinua kichwa, kila mtu alikuwa ananitazama mimi, si kitambaa. Hapo nilijua kwamba ukungu hauko mtoni.

Mzigo ulipigwa chapa upya, na Bi. Mwajuma hakulitaja tena. Wala mimi sikukuandikia. Nilijiambia kwamba ninakuhurumia: utamwambia Zuhura, naye ni mjamzito, utamwambia kaka yako, naye ataitisha kisomo. Tena miezi yote hiyo mistari ilikuwa ikinikimbia kwenye karatasi, na sikutaka uione hati yangu katika hali ile.

Sasa nikujulishe mtu. Ghorofa ya nne ya jengo letu anakaa Mmarekani mmoja, Bwana Haroldi, wa umri wangu. Hana utajiri tunaoufikiria tukisikia neno Mmarekani. Alishona viatu miaka thelathini katika kiwanda cha mji wao mdogo. Kiwanda kikafungwa, mashine zikaletwa huku, naye akafuata mashine zake. Hivi sasa hukagua soli na gundi kwa niaba ya wanunuzi wa kwao. Siku za mapumziko huzunguka soko la Zhanxi akigeuza viatu vya watu juu chini bila kununua, na wauzaji humfukuza kwa mikono miwili: "Bu yao! Bu yao!", yaani hatukutaki. Kila asubuhi hunywa chai nami katika mkahawa wa tambi wa Waislamu pale chini. Kiingereza chake kina makosa ambayo nisingemvumilia mwanafunzi wa darasa la saba. Mimi humsahihisha, yeye huniita Mwalimu na kuendelea kukosea.

Juma lililopita nilikuwa ninamimina chai.

"Mwalimu, kikombe kiko kushoto."

"Ninajua kilipo."

"Wewe unajua. Chai haijui."

Meza ilikuwa imelowa. Hakucheka. Aliniuliza nimekuwa katika hali hiyo tangu lini, na nilipomjibu kwa hasira, akaniuliza tena, polepole. Alhamisi tulikwenda hospitali ya macho, yeye, mimi na Bi. Mwajuma, ambaye Kichina chake ni cha sokoni lakini ndicho tulicho nacho.

Huku mgonjwa hununua namba kwanza, kabla hajamwona yeyote, na wengine hufika kabla ya mapambazuko ili wawahi namba hiyo. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi ngazini. Kwa macho yangu ulikuwa kama bahari ya maziwa yenye vichwa. Bwana Haroldi alisimama akiushangaa.

"Kwetu hakuna foleni kama hii," alisema. "Foleni yetu iko ndani ya simu. Unapiga, wanakuuliza kadi ya bima. Kadi unapewa na mwajiri wako. Kiwanda kilifungwa siku ya Ijumaa, na mwisho wa mwezi kadi yangu ikafa."

Nilimfasiria Bi. Mwajuma. Akamtazama kwa huruma. "Muulize, Mwalimu: kwa hiyo wao wakifukuzwa kazi wanakatazwa kuumwa?"

"Hatukatazwi," alijibu. "Tunaombwa tungoje."

Mimi nilisema kwamba serikali na iwatibu watu wake, kama sisi tulivyojaribu kwa uchache wetu. Hapo akawaka. Alisema hataki serikali ikae kati yake na daktari. Serikali hiyo hiyo, alisema, imepeleka vijana vitani na haijui namna ya kuwarudisha. Mafuta yanapanda bei kila kukicha nayo inatazama. Na mwaka huu, kwa kuwa ni wa uchaguzi, kila mgombea ana mpango wa matibabu mfukoni. "Nimeisikia mipango hiyo tangu ndevu zangu zilipoota. Inazeeka pamoja nami."

"Basi unataka nani akae kati yako na daktari?"

"Asikae mtu."

"Na kwenu hakukaa mtu?"

Alitazama viatu vyake. "Alikaa karani wa kampuni ya bima," alisema.

Mbele yetu palikuwa na mama wa shamba aliyemleta baba yake. Walikuwa wamesafiri siku mbili. Bi. Mwajuma alizungumza naye, akatufasiria kwamba wameuza nguruwe wao wote, na fedha isipotosha watarudi na jicho lao kama lilivyo. Bwana Haroldi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa habari za mtaani kwake.

Tulipofika dirishani, karani alitaja malipo. Bi. Mwajuma, kwa mazoea ya Zhanxi, akapiga kofi kaunta: "Tai gui le, laobani! Ghali mno, punguza!" Kisha akageuka akaanza kuondoka, kama afanyavyo dukani ili mwenye duka amwite. Hakuitwa. Aliitwa mtu aliyekuwa nyuma yetu, nasi tukarudishwa mwisho wa foleni. Nilikuwa na hasira, Mwanaidi, lakini Bwana Haroldi alicheka mpaka akajishika ukuta. "Mwambie," alisema, "kwetu tuna mabunge mawili na hakuna aliyewahi kujaribu hilo!"

Daktari alikuwa binti mwenye sauti ndogo. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kushoto limekomaa. Litafunguliwa kidogo, litolewe lililochafuka na kutiwa kioo kidogo, nami nitakuwa macho muda wote. Likiachwa litakuwa gumu kutoa, na hasara yake inaweza kuwa ya kudumu. Nilimuuliza nina muda gani. Akasema: miezi, si miaka.

Kisha akatoa karatasi. Hapa mtu hapasuliwi mpaka ndugu yake atie saini. Mgonjwa peke yake hatoshi.

"Niandike mke mdogo, Mwalimu," akasema Bi. Mwajuma, "nitie saini twende zetu tukale!"

Nilimkemea. Ninakuandikia mwenyewe ili usilisikie kwanza kutoka kwake, kwa kuwa ndiye anayekuletea barua hii, naye hataweza kujizuia.

Bwana Haroldi alichukua kalamu. "Waambie mimi ni ndugu yako."

Nilimshika mkono. Nilimwambia kwamba mimi na yeye hatuna baba mmoja wala mama mmoja, na kwamba sijawahi kuweka mkono wangu chini ya karatasi isiyo ya kweli. Alirudisha kalamu. Daktari akasema nafasi yangu ataishikilia hadi mwisho wa mwezi ujao.

Nje tulikaa kwenye ukingo wa bustani, chini ya mti ule wa maua mekundu. Bi. Mwajuma alikwenda kutafuta teksi. Niliona wekundu tu hapo juu, bila matawi, kama kitu kinachoelea. Bwana Haroldi aliokota ua lililoanguka, akaligeuza juu chini kama kiatu.

"Unadhani nina hasira na bima," alisema. "Ninayo. Lakini siyo inayonikosesha usingizi."

Akanihadithia habari za mkewe, Doroti. Mwaka ule kadi ilipokufa, mkewe alishika uvimbe chini ya kwapa. Hakusema. Alijua kwamba hawana kadi, na alijua kwamba mumewe angeuza nyumba. Akakata shauri peke yake kungoja mpaka mumewe apate kazi nyingine. Kazi ilipatikana baada ya miezi tisa, na kadi mpya ikaja kwa posta. Siku hiyo ndipo alipomwonyesha. Alizikwa kabla ya majira ya baridi.

"Watu wanauliza nani alimnyima daktari," alisema. "Nina majibu mengi, hata na redio ninabishana. Lakini mimi, aliyeninyima nafasi ya kumpeleka ni yeye. Nililala ubavuni pake miezi tisa na sikuwa na habari. Ningeiuza ile nyumba, Mwalimu. Ningeiuza nikiimba."

Alisema hayo kwa Kiingereza chake kibovu, na sikupata neno la kumsahihisha.

Kwa hiyo nimekaa. Nimeandika barua hii kwa siku tatu, mchana tu, dirishani, kwa jicho la kulia. Ulichofichwa ni hiki: mumeo anapoteza macho, na amejua hivyo kwa mwezi mzima bila kukwambia. Ukimya huo niliuita huruma kwako. Haikuwa huruma. Niliogopa kuonekana na wewe nikipapasa.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya hospitali. Mwanafunzi mmoja wa udaktari, kijana wa Moshi, ameandika kwa penseli maana ya kila mstari. Mahali pa saini ya ndugu pamewekwa alama. Ukikubali nipasuliwe huku, tia saini, kisha umpe Zuhura aipeleke kwenye faksi ya lile duka la karibu na posta. Ukitaka nirudi, niongozwe mkono hadi hospitali ya mkoa, ningoje zamu ya madaktari wa macho wanaokuja kwa msimu, niandikie hivyo, nami sitakuuliza sababu. Usitie saini ili kunifurahisha. Mimi sijaamua. Ipo siku ninakitaka kisu hicho hata leo, na ipo siku ninapita Shisanhang saa ile ile, ninasimama katika weupe, ninaogopa kuona sawasawa kwamba haupo.

Nisalimie binti yetu Zuhura, na umwambie asishtuke. Msalimie kaka yako Shehe Omari. Kisomo nakikubali, ila asiwaalike mtaa mzima. Msalimie mama mkwe wa Zuhura, jirani yetu mpika vitumbua, na yule mdogo wangu Bakari, ambaye ninamkumbusha kuhusu ukuta. Bwana Haroldi anakusalimu. Ameniuliza jina lako, nikamfundisha kulitamka, akapata mara ya nne.

Nikishakusikia nitaamua, na siku nitakayoamua ndiyo siku nitakayokuandikia, kwa mkono wangu au kwa mkono wa mtu mwingine. Safari hii wewe utajua kabla ya daktari.

Mumeo,
Hamisi