Pawa Yako Kongwe Sitampa Kadzo

Ndugu yangu Charo,

Kosa la watu wengi ni kushindanisha pawa mbili bila kutazama minyororo yake. Wanachukua msumeno mmoja wa injini uliotoka kunolewa, na mwingine ulioshinda wiki nzima ukikata magogo yaliyojaa mchanga na misumari, kisha wanasimama kando waone upi utamaliza kwanza. Ule butu ukichelewa, wanasema injini yake mbovu. Kosa hili ulilijua vizuri, na miaka yote ukalitumia kutuchezea. Kila aliyekuja Magogoni na pawa mpya ulimkaribisha, ukampa ncha moja ya gogo, ukamshinda, ukaenda zako ukipiga mluzi. Hukumwambia mtu kwamba jioni ya jana yake ulikaa kwenye kigoda ukapitisha tupa jino kwa jino, mpaka ukiligusa jino kwa ukucha, linauchuna.

Ulikuwa hushindi kwa injini, bwana. Ulikuwa ukishinda kwa tupa.

Nakuandikia kwa sababu nimekataa wasia wako, na ningependa ulisikie hilo kwangu mimi mwenyewe. Pale hospitali uliniambia, "Mwalimu, pawa yangu mpe Kadzo." Nilikushika mkono tu, nawe ukadhani nimekubali.

Basi matanga yalipokwisha, jamaa zako walikaa kugawa vitu vyako kama desturi yenu ilivyo. Nduguyo Kahindi ndiye aliyesimamia. Panga lilikwenda kwa huyu, shoka kwa yule, shati lako la kanisani kwa binamu yako wa Kaloleni ambaye halimtoshi lakini alilililia. Ilipofika zamu ya pawa, uliyoiacha kwangu ulipolazwa, nikasema hapana, hii haitoki kwangu. Wengine walidhani mzee nimechanganyikiwa kwa majonzi.

Kahindi alinitazama, akasema polepole kama kawaida yake, "Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini wewe si wa mlango wetu. Marehemu ametamka."

Nikamwambia, "Alitamka kwangu. Akiwa na malalamiko, nyumba yangu anaijua."

Mama mmoja akacheka, akajiziba mdomo kwa leso.

Aliyeniumiza ni binti yako Kadzo. Hakukasirika. Alinifuata nje, akaniamkia upya kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana, akanieleza kwamba watu wa Kisauni nzima huita fundi wanapousikia ule mlio wa pawa yako. Kwa mlio ule walimjua baba yake, na bila huo yeye ni mwanamke tu anayepita na mashine. Ile pawa mpya aliyojinunulia, ambayo wewe uliiita mashine ya kinyozi, wateja walikuwa wameanza kuicheka kwa jina hilohilo. Hilo jina uliliacha wewe, Charo, na binti yako ndiye anayelibeba.

Nikaona maneno hayatoshi. Ule mkwaju ulioanguka nyuma ya kanisa lenu ulikuwa bado haujakatwa, na unaujua mkwaju ulivyo mgumu ukikauka. Nikawaambia twende tukapime, lakini tupime sawasawa. Minyororo yote miwili niliinoa mimi, kwa tupa moja, pembe moja. Panga za chuma zinazobeba minyororo nilihakikisha urefu wake unalingana. Mkataji awe mmoja, kwa sababu mikono miwili tofauti ni mashindano ya mikono, si ya mashine. Kahindi akajitolea, maana alishakata nawe na hakutaka mtu aseme nimependelea. Tena nikakataa kuhukumu kwa mkato wa kwanza. Mkato wa kwanza kila pawa hujisifu.

Sasa sikia ulichokuwa ukitaka kusikia. Kwenye matawi, mpya iliipita yako. Inazunguka kwa kasi zaidi, ni nyepesi, inaingia na kutoka kabla hujajipanga. Lakini tulipofika kwenye shina, chuma chote kimezama ndani ya mti, ile mpya ilianza kupungua sauti kila Kahindi alipoegemea. Akilegeza, inapanda tena. Yako haikupungua. Iliguna vilevile kama lori linalopanda mlima na mzigo, polepole, bila kusimama, ikatupa chengachenga nene mpaka kwenye ukuta wa kanisa. Jamaa zako walishangilia. Hata mimi nilitabasamu, nakiri. Kwenye mti mnene ulikuwa na haki, na waliokubishia hawakuwa nayo. Haya, nimekwisha kukupa lililo lako.

Na bado nakataa.

Kwa sababu kwenye mkato wa mwisho, ncha ya chuma iligusa kisiki cha tawi ambacho Kahindi hakukiona kwa ng'ambo. Unajua ncha ikigusa mti kinachofuata. Pawa iliruka juu na kurudi nyuma kumwelekea usoni, mnyororo ukiwa unazunguka vilevile, kwa kuwa yako ilitengenezwa zamani, kabla ya mafundi kufikiria kuiwekea breki. Ilipita karibu na sikio, ikachana ukingo wa kofia. Kama asingekuwa ameukaza mkono wa kushoto, tungekuwa tunakaa matanga mengine. Ile mpya ina kinga mbele ya mkono. Ikiruka, kinga hugonga mkono, na mnyororo husimama papo hapo.

Kahindi aliizima. Akaiweka chini kwa uangalifu, kama mtu anayemlaza mtoto. Alikaa juu ya gogo. Kadzo akamletea maji, kikombe kikamshinda kushika, ikabidi amshikilie. Hapo ndipo nilipomwona binti yako akiitazama mikono ile, halafu akanitazama mimi. Nadhani alikumbuka yako. Miaka ile ya mwisho mkeo ndiye aliyekuwa akikufunga vifungo vya shati Jumapili, kwa sababu vidole vyako vilishakufa ganzi kwa mtikisiko wa ile mashine, nawe ukisema ni baridi. Baridi ya wapi, Mombasa hii?

Kahindi akasema, "Mwalimu, ichukue. Mimi nitasema na wazee."

Nimeichukua. Nimeing'oa plagi na kukata waya wa kuwashia, ili hata mimi nikifa asije mtu akatimiza maneno yako. Najua ungenitukana. Nitukane. Hukuwa ukimpa Kadzo mashine, ulikuwa ukimpa jina lako, na nilikuelewa, wallahi. Lakini jina unaweza kumpa mtu bila kumpa na hatari iliyokuwa ndani yake. Wakinilaumu kwamba nimevunja neno la maiti, nitajibu kwamba nimelivunja, tena ningelivunja mara ya pili. Mtoto wako anazo bado pande zote za uso wake.

Nakukosa, Charo. Jioni nakaa barazani bila wa kubishana naye, na watu wanaonikubalia kila kitu wananichosha.

Lala salama. Wewe na kanisa lako, mimi na msikiti wangu, tutayamaliza tukikutana. Nakuahidi kumfundisha Kadzo kunoa kama ulivyonoa wewe, mpaka hao wanaocheka mashine ya kinyozi wanyamaze na kumwita fundi. Jumamosi iliyopita alilipitisha jino la kwanza vibaya, akalirudia bila kuambiwa.

Mstari wa mwisho si wako. Barua hii nitamsomea binti yako asubuhi hii kabla hajatoka kwenda kazini Bombolulu, kwa hiyo naumaliza naye. Kadzo, mwanangu, leo kabla hujakata tawi la kwanza, iwashe pawa ikiwa chini, uzungushe mnyororo, sukuma kinga mbele, na uhakikishe umesimama.