Mkoba wa Mama Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kushona mikoba soko la Kariokor, vidole vinawaka. Ngozi ya leo ilikuwa ngumu kama roho ya mteja. Kufungua mlango, nikajikwaa kwenye mkoba. Tena! Mama ameupanga upya: leso, Biblia, dawa za presha, picha ya Baba. Ati mawingu yameanza. Mvua ikiingia ndani tu, anaenda kwa dadake Kakamega, kwenye mlima, na harudi. Nilimshonea mkoba huo awe akienda nao kanisani. Sasa ndio silaha yake.

Simlaumu. Ziwa lilipanda likameza nyumba yake kule Busia, na mihogo, na kaburi la Baba. Anasema maji hayatamfukuza mara ya pili, ataondoka mwenyewe. Lakini mimi namtaka hapa. Nyumba hii imejaa kicheko tangu aje. Akienda nitabaki nikiongea na cherehani.

Jumatano, 5 Machi

Joto la ajabu. Nimeuangalia mtaro wetu hapa Dandora: chupa, nepi, magunia, hadi godoro. Mwaka jana ilinyesha asubuhi moja tu na maji yakafika kitandani. Zamani masika yalikuwa na adabu, yalibisha hodi. Siku hizi yanavunja mlango.

Jioni mazoezi ya kwaya. Nilisimama nikasema Jumamosi tuache kuimba, tuzibue mtaro. Mwalimu wa kwaya akasema mashindano ya Pasaka yamekaribia, tuombe, na wakubwa waandikiwe barua. Watu wa besi wakaitikia amina. Wanaume wazima! Nilikasirika hadi nikaimba vibaya makusudi.

Alhamisi, 6 Machi

Mama alienda bombani kuteka maji akakaa mno. Amerudi anaimba, mtungi nusu. Ati alikuwa anasalimia watu tu. Simwamini huyu mwanamke.

Ijumaa, 7 Machi

Jameni! Mwalimu wa kwaya amenisimamisha njiani, ana jembe jipya begani. Amesikia kwaya ya kanisa la ng'ambo ya mtaro wanasema sisi tuna mapafu lakini mikono hatuna, na kesho wanaanza kuchimba. Hao ndio waliotushinda Pasaka iliyopita. "Watatutambua," akasema. Nami nikaitikia amina, kwa besi.

Ngurumo upande wa Kayole. Mama ameongeza sweta kwenye mkoba.

Jumamosi, 8 Machi

Mgongo sina. Furaha tele.

Tulipofika, wale wa ng'ambo walikuwa wamejaa upande wao, sare za zambarau, mabeleshi mkononi, macho ya kutukodolea. Tukaanza wimbo. Wakaanza wao, juu zaidi. Kila mmoja akichimba kwa mdundo wa kwao. Godoro likatoka. Tairi zikatoka, nitampelekea jirani yangu sokoni anayetengeneza viatu vya akala. Vijana wa mtaa walikuja kutucheka, "Niaje shosho!" wakimwita Mama nyanya, wakaishia kusukuma wilbaro. Kufikia mchana hungejua nani ni wa kwaya gani. Matope yalimaliza sare.

Tulipokaa kunywa chai, Mama Nekesa, kiongozi wa wale wengine, akamwuliza mwalimu wetu kwa nini tuliwatukana ati wana mapafu, mikono hawana. Mwalimu akaruka: si nyinyi ndio mlitutukana sisi! Vichwa vyote vikamgeukia Mama. Alikuwa anamenya ndizi.

"Nilidanganya pande zote," akasema. "Nitatubu kesho. Leo chimbeni, wingu ndilo lile."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Nekesa alicheka mpaka akaketi matopeni. Tukachimba hadi mtoni.

Jumapili, 9 Machi

Mama ametubu mbele ya kanisa. Kwa kifupi sana. Walimpigia makofi.

Mkoba bado uko mlangoni. Imeniuma.

Jumanne, 11 Machi

Mvua! Imenikuta kazini. Niliacha mshono katikati nikakimbia, viatu mkononi. Nafungua mlango: sakafu kavu, lakini Mama hayupo. Mkoba haupo. Nikaketi kizingitini nikalia kama mtoto.

Kisha nikasikia kuimba. Nikafuata. Mama yuko kando ya mtaro na Mama Nekesa, mwavuli mmoja, kwaya zote mbili nyuma yao, wanayaangalia maji yakipita. Yalikuwa mengi, ya kahawia, yana hasira, na yalipita. Mkoba ulikuwa begani mwake. Umejaa viazi vya chajio.

"Unalilia nini wewe?" akaniuliza.

Haki ya Mungu, nilimkumbatia na viazi vyake.

Jumatano, 12 Machi

Bado inanyesha, polepole. Mama amelala. Mvua kama hizi zitarudi, na kubwa zaidi, kwa hivyo Jumamosi tunachimba upande wa juu. Mwalimu ameuita uchimbaji huo zoezi la kwaya.

Mama aliazima nyundo kwa Mwalimu jana. Picha ya Baba iko ukutani, juu ya cherehani. Imekaa upande kidogo. Sitaigusa.