Baba Mdogo Asiiguse Ndege

Corinne mwanangu,

Ndege ndogo ya rimoti ya marehemu baba yako iko mezani. Usiisogeze, na baba yako mdogo Dale asiiguse. Uji uko jikoni, ule.

Asubuhi injini iliwaka vizuri. Nilipoinua pua ya ndege tu, ikakohoa, ikazima. Dale akazungusha sindano ya kurekebisha mafuta weee, ikazima vilevile. Akacheka: "Shemeji, hiyo si cherehani. Itundike ukutani, majivu ya kaka tuyamwage kwa mkono."

Nililia, nikasali, nikakumbuka darasa langu la jioni la ufundi wa injini: fuata kwanza njia ya mafuta. Nikafungua tangi. Mpira wa ndani unaonyonya mafuta, wenye kichuma kizito nchani, unaotakiwa kulala nyuma, ulikuwa umejikunja mbele. Ndege ikipanda, mafuta yanakwenda nyuma, mpira unanyonya hewa. Ni pale ulipoiangusha ikachomeka pua kwenye shamba la soya Jumamosi, rubani wangu! Sikulaumu. Ila mpira umechanika, nimekimbilia mwingine dukani.

Wenzake baba yako wa klabu ya ndege wanatusubiri saa sita, ndege imwage majivu juu ya uwanja kama wanavyowafanyia wenzao wote wakifariki. Wakipiga simu, ~~waambie tumeahirisha~~ waambie tunakuja.

Nikirudi nitaiwasha injini, wewe utashika mkia, nami nitainua pua mpaka itazame dari. Ikizima tena, hairuki, hata wanicheke vipi. Baba yako alianguka akafa kwenye uwanja ule nikimtazama, nisiweze kufanya lolote. Ee Mungu, asianguke pale mara ya pili.

Niombee.

Mama