Nyota Tano za Loserian

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Kifo cha Saruni Lerionka, mkulima wa Nduruma
Jina la shahidi: Hedwiga Melkizedeki Tarimo
Umri: Miaka 26
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Msimamizi wa intaneti kafe, Arusha mjini
Makazi: Engutoto
Tarehe ya kuandikwa: 22 Agosti 2005

Mimi niliyetajwa hapo juu ninaeleza kwa hiari yangu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa.

Ninamfahamu Rodrick, anayeuza vipuri vya magari mjini. Ninamfahamu pia Loserian Saruni, mpiga dramu wa kundi la Kokoto. Kundi hilo linafanyia mazoezi Tengeru, kwenye banda la kuku lisilotumika. Wanapiga metali, muziki wa magitaa mazito, ile yenye nyimbo ndefu zinazobadilisha mapigo katikati, ambayo wapenzi wake wanaiita progresivu. Arusha nzima tunaoipenda hatujazi basi dogo. Dramu hazilipi, kwa hiyo Loserian huwa anabeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Meru.

Mwaka jana Rodrick, ambaye ndiye meneja wao, aliingiza nyimbo sita za Kokoto kwenye tovuti moja ya nje. Humo wasikilizaji wa nchi yoyote wanatoa nyota, kuanzia moja hadi tano, na kuandika maoni. Makundi yenye nyota nyingi yanapanda juu kwenye orodha. Sisi wapenzi tulikuwa tunakutana kwangu kafe Jumamosi mchana. Tulitoa nyota kwa Kokoto, lakini pia tulisikiliza makundi ya wenzetu yasiyojulikana, ya Chile, ya Finland, na wao wakasikiliza letu. Kipindi kile ilikuwa raha. Mtu wa Chile aliniandikia kwamba wimbo wa tatu anausikiliza akiwa anapika.

Kufikia mwezi wa sita mwaka huu Kokoto walikuwa wamekwama nafasi ya mia mbili na kitu. Rodrick alifungua majina ya uongo ili ajipe nyota mwenyewe, tovuti ikamgundua ikayafuta. Nilimwambia aache, anatuaibisha. Akasema mimi sina uchungu na kundi.

Mnamo tarehe 11 Agosti 2005, siku ya Alhamisi, majira ya saa tatu asubuhi, nilifungua kafe na kuwasha mashine. Nilipoingia kwenye ukurasa wa Kokoto nilikuta maandishi ya Rodrick, ya siku iliyotangulia. Yalisema Loserian ameteleza kwenye majabali karibu na kilele cha Meru na amefariki. Yaliomba kila msikilizaji ampe marehemu nyota tano, iwe heshima ya mwisho.

Nililia. Nilikuwa najua kweli Loserian amepanda na wageni. Chini ya maandishi hayo watu walikuwa wamejaa. Mtu mmoja ambaye mwezi wa sita aliandika kwamba dramu za Kokoto zinachelewa, sasa alibadilisha nyota mbili kuwa tano, akaandika kwamba dramu hizo zinasikika kama zilikuwa zinajua kifo kinakuja. Dramu ni zilezile.

Niliacha kafe kwa mwenzangu nikaenda dukani kwa Rodrick. Nilimkuta anakunywa chai na chapati. Nilimpa pole. Alinitazama, akacheka.

Akasema, "Hajafa, Hedi. Yuko juu na wageni wake, huko hakuna mtandao. Jumamosi anashuka, Jumapili tunaandika kwamba taarifa zilikosewa."

Nikamuuliza, "Na mama yake akisikia?"

Akasema, "Mama yake ana intaneti?"

Alikuwa bado anatafuna. Nilimwambia afute sasa hivi. Akasema tumeshafika nafasi ya kumi na moja na nisimharibie. Nimeulizwa na afande kama alionekana kujuta. Hapana. Alinisogezea kiti na kuniuliza kama nitakula chapati. Nilitoka bila kukaa.

Nilijua ndugu mmoja wa Loserian anaitwa Elifuraha, anasoma chuo India, na huwa anafungua ukurasa ule. Niliogopa. Nilipanda gari kwenda Nduruma, nikafika kama saa nane mchana. Kabla sijaingia uani nilisikia wanawake wanaimba nyimbo za msiba. Elifuraha alikuwa amepiga simu asubuhi kwa jirani mwenye duka, kutoa pole, akidhani wameshajua.

Nilimkuta mama yake Loserian, Namnyaki, amekaa chini, kanga ameifunga kiunoni. Nilipiga magoti nikamwambia, "Shikamoo mama. Loserian ni mzima. Ni uongo umeandikwa." Alinijibu kwa Kimaasai. Shangazi yake Loserian, anaitwa Simaloi, alinitafsiria: "Anasema, nani amekutuma uje kumtuliza?" Nilirudia mara nyingi. Wanawake wengine walinitazama kama mtu asiye na adabu, anayekatisha kilio cha watu.

Niliuliza mzee yuko wapi. Simaloi akasema Mzee Saruni ameondoka asubuhi kwenda geti la Momella, wanakoanzia kupanda Meru, kumchukua mwanawe. Alikuwa amebeba shuka jipya la kumfunikia.

Tarehe 12 Agosti, Ijumaa asubuhi, mimi na Simaloi tulikwenda Momella. Askari wa hifadhi pale getini alituambia mzee alilala hapo. Walimweleza kwamba hakuna ajali iliyoripotiwa. Hakuamini. Alidhani wanamficha, kama watu wanavyofichwa msiba hadi wafike nyumbani. Alisema atakwenda kuona kwa macho yake, na asubuhi hiyo akaondoka na askari aliyekuwa anapandisha wageni wengine. Simaloi alisema, "Kaka yangu ana kifua, hawezi mlima." Askari alijibu kwa upole kwamba walimwambia hivyo hivyo na akawajibu kuwa mtoto ni wake.

Tulisubiri. Simaloi hakula kitu hadi kesho yake.

Jumamosi tarehe 13, kabla ya saa sita mchana, niliona watu wanashuka na machela. Aliyeshika mbele upande wa kulia alikuwa Loserian. Simaloi alipomwona yuko hai alianza kumshukuru Mungu kwa sauti, kisha akaona ni nani yuko juu ya machela, amefunikwa shuka jipya.

Loserian alinieleza mwenyewe kwamba alimkuta baba yake kwenye kibanda cha kwanza cha kulala wapandaji, amelazwa kwenye benchi, pumzi imembana. Mzee alimshika mkono akamwambia, "Nimekuja kukuchukua." Loserian akamuuliza, "Baba, kunichukua kwa nini?" Mzee hakueleza. Alikata roho njiani, wakiwa wameshaanza kushuka. Loserian alikuwa hajui kitu. Mimi ndiye niliyemwambia kwa nini baba yake alipanda. Alikaa chini kwenye majani, akawa anazivua buti zake na kuzivaa tena.

Tulizika Jumanne, tarehe 16. Rodrick alikuja, amevaa suti nyeusi, na alikuwa na kamera. Alipiga picha ya jeneza na ya Loserian anatupa udongo. Wajomba walimtoa nje. Hakupigwa, Loserian alikataza.

Siku iliyofuata Loserian alikuja kafe. Nilimfungulia ukurasa. Kokoto walikuwa nafasi ya nne. Rodrick hakuwa amefuta chochote. Alikuwa ameongeza kwamba baba wa marehemu naye amefariki kwa majonzi, na akaweka ile picha ya jeneza, akisema ni la Loserian. Loserian alisoma yote. Aliniomba nimfungulie jina lake mwenyewe, akaandika: "Mimi ni Loserian. Niko hai. Aliyekufa ni baba yangu, na ameuawa na uongo huu. Naomba nyimbo ziondolewe."

Wasikilizaji walimtukana. Mmoja alimwita fisi anayekula jina la maiti. Ndani ya saa moja maneno yake yalifutwa na jina lake likafungiwa. Niliwaandikia wenye tovuti mimi mwenyewe kueleza ukweli. Walinijibu kwa heshima, kwamba kila msanii akifa hujitokeza watu wa kudai yu hai, kwa hiyo hawawezi kuondoa nyimbo zinazopendwa kiasi hicho. Wakaniomba niifikishie familia pole zao kwa kumpoteza Loserian.

Barua hiyo Loserian aliisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Niliyoyajua na kuyaona ni haya. Sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: H. M. Tarimo

Nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nimemsomea, amekubali ni sahihi, na amesaini mbele yangu.
Koplo Ebenezer, mpelelezi