Noeli ya Majembe

Alhamisi, 5 Desemba 1974
Nimerudi kutoka Munigi kwa miguu. Nimemwombea muzee mgonjwa, nikanywa maziwa, nikashuka. Ukungu mzito. Njiani nilimsikia baba akiita ng'ombe wake, kama zamani kule Masisi. Baba alikufa kitambo. Sikuogopa. Nilisimama nikasikiliza mpaka ikawa upepo tu.

Jumanne, 10 Desemba
Muhindo amekuja. Sasa ni mkubwa wa chama cha serikali mtaani kwetu. Zamani nilimfundisha katekisimu, na ni mimi niliyemfungisha ndoa. Hakukaa. Serikali imeondoa sikukuu ya Noeli, hilo tulijua. Leo kaongeza kazi ya lazima ya serikali siku hiyohiyo: «Pasta, le vingt-cinq iko salongo. Watu wote kwa barabara ya Kibumba, kutoa mawe. Mwenye ataingia kanisani atafungwa. Na kanisa pia.» Alikuwa anaangalia viatu vyangu.
Nimeogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 15 Desemba
Nimewaambia waumini. Sisi Wametodisti ni wachache hapa Goma. Kisha Mama Nyota, mjane anayeongoza kwaya, akasimama: «Miye nitakuja. Wakifunga mulango, nitaimba inje.» Wakampigia makofi, halafu wakaniangalia mimi.
Kahindo, mke wangu, hakula. Kwao Butembo ni Wakatoliki. Walimkataza kuolewa na pasta. «Ukifungwa, nirudi kwetu niseme nini?»

Alhamisi, 19 Desemba
Kando ya ziwa tangu asubuhi. Maji meupe. Hakuna ng'ambo, hakuna mbingu. Nimekumbuka siku nilipoitwa. Nilikuwa mchunga ng'ombe, kilimani, na watu nisiowaona wanaimba bondeni. Niliwaacha ng'ombe nikafuata sauti. Baba alinichapa. Nimekuwa pasta kwa ajili ya wimbo ambao sikuelewa hata maneno yake.

Jumanne, 24 Desemba
Nimeamua. Hakuna ibada. Kila mtu aende salongo na jembe lake. Sitaki kina mama wafungwe kwa sababu ya ushujaa wangu. Mama Nyota ameniita mwoga mbele ya watu, akaondoka bila kuaga. Pengine ni kweli. Nimelia uani. Kahindo akaniletea maji.

Jumatano, 25 Desemba
Barabara ya Kibumba. Mawe meusi, makali. Tulivunja, tulibeba. Wakatoliki walikuwepo, na wasiosali pia. Mama Nyota alinipa mgongo. Muhindo alipitapita na filimbi shingoni.
Jua lilipopenya ukungu, mlima wa moto ukaonekana wote, mwanga ukawa kama wa ndotoni. Nilimfikia Mama Nyota, nikashika jiwe lake upande wa pili. Nikaanza kusema, kwa sauti ndogo, jinsi mutoto alivyozaliwa mahali pa ng'ombe kwa kuwa serikali iliwaamuru wazazi wake wasafiri. Sikuwa nimepanga. Watu wakasogea na majembe yao. Nilipomaliza, yeye akaanzisha wimbo. Kisha wote. Wakatoliki nao, kwa maneno yao.
Muhindo akaja mbio. «Munafanya nini?»
«Tunatoa mawe,» akasema Mama Nyota. Hakuna mkono ulioacha kazi.
Alitia filimbi mdomoni. Akangoja. Kisha akaitoa, akainama, akabeba jiwe. Midomo yake ilikuwa inafuata wimbo.
Nikaimba kwa furaha.

Ijumaa, 27 Desemba
Nimeitwa ofisi ya zone, kwa wakubwa wa serikali. Wameuliza kama nilihubiri. Nikasema ndiyo. Nilidhani sitarudi nyumbani. Kumbe Muhindo alikwisha kuwaambia kwamba ni yeye aliyewaruhusu watu waimbe. Mimi wameniacha. Yeye wamemnyang'anya cheo.
Sijui nimshukuru vipi. Naona haya.

Jumapili, 29 Desemba
Mvua ndogo. Watu kama kawaida. Mama Nyota aliongoza nyimbo huku akikohoa. Muhindo alikaa benchi la nyuma, na shati la kawaida, si sare ya chama. Sikumtaja. Ibada ikaisha, kila mtu akaenda kwake. Yeye akabaki, kama asiyejua pa kwenda. Akaniuliza kama nyumbani kuna chai.
Iko, nikamwambia.
Tukatembea polepole. Kahindo akaongeza kikombe.